Mwanasiasa muulize kama mdaiwa wa vitumbua

Mara ya kwanza kumuuliza diwani wetu swali mbele ya watu, nilirudi nyumbani nimefurahi. Mkutano ulikuwa chini ya mwembe, spika za kukodi, viti vya plastiki vya msibani, na mheshimiwa alikuwa amechelewa saa mbili tu. Nikanyanyua mkono, nikapewa maiki, nikasema: "Mheshimiwa, lile kalavati letu lililobebwa na maji, mna mpango gani?"

Akanitazama kwa upendo. "Kwanza nikupongeze ndugu yangu kwa swali zuri sana. Maswali kama haya ndiyo yanatupa nguvu sisi viongozi. Niwahakikishie wananchi wangu, jambo hili tunalo, liko mezani, na tunalifanyia kazi usiku na mchana."

Makofi. Na mimi nikapiga. Njiani mke wangu akauliza, "Kwa hiyo wanajenga lini?" Nikalitafuta jibu kuanzia dukani kwa Mangi mpaka mlangoni kwetu, sikulipata. Nilikuwa nimepongezwa, nimehakikishiwa, nimepigiwa makofi, na kalavati halipo.

Mtaa wenyewe sitautaja. Uko Dar es Salaam, upande ule ambao dereva wa bajaji akiusikia anaongeza bei kabla hujamaliza kutaja. Masika ile maji yalipolichukua kalavati, vijana wakaanzisha huduma ya kuvusha watu mgongoni: shilingi 500, ukiwa na mzigo 1,000, mwanafunzi mwenye sare anapunguziwa. Kama kuna watu waliofanya upembuzi yakinifu wa kweli mtaani kwetu ni hao. Kina cha maji wanakijua kwa saa, na uzito wa kila mkazi wanao kichwani.

Kosa langu lilikuwa neno "mpango". Hakuna serikali isiyo na mpango, kwa hiyo ukimuuliza kiongozi ana mpango gani umemfungulia mlango na kiti umemwekea. Wanaosikiliza Bunge redioni wanaujua wimbo huu. Mbunge anashukuru kwa kuonwa, anauliza Serikali ina mpango gani wa kujenga barabara fulani kwa kiwango cha lami. Naibu waziri anaomba kujibu kama ifuatavyo: anaeleza barabara ina urefu gani na inapita vijiji gani (mbunge anavijua, ndiko alikoombea kura), kisha anasema upembuzi yakinifu na usanifu wa kina vitafanyika, na ujenzi utaanza kwa kadiri ya upatikanaji wa fedha. Likija swali la nyongeza, anampongeza mbunge kwa anavyowapigania wananchi wake. Wanakaa wote wawili. Barabara nayo inakaa.

Siku hizi natafsiri papo hapo. "Tunalifanyia kazi" maana yake tumelisikia. "Liko kwenye mchakato" maana yake tulilisikia zamani. "Tuko mbioni", hakuna aliyevaa hata viatu. "Mamlaka husika zimeshaelekezwa" ni kwamba ukitaka kulaumu, pita nyumba ya pili. "Changamoto" ni tatizo lililooga likavaa suti. Neno nililolistahi muda mrefu kuliko yote ni hilo la upembuzi, kwa sababu nimekua nikimwona mama yangu akipembua mchele kwa ungo. Hakuwahi kutumia miaka mitano.

Wapo wanaoshauri urudie swali mpaka mtu achoke. Mei 1997 huko Uingereza, Jeremy Paxman wa BBC alimbana Michael Howard, aliyekuwa ametoka tu kwenye uwaziri wa mambo ya ndani, kwa swali lilelile mara 12 hivi, watu wanatazama, na jibu la ndiyo au hapana halikutoka. Lakini Paxman alikuwa na studio. Wewe uko chini ya mwembe. Ukirudia mara ya tatu mwenyekiti wa mtaa anauliza umekunywa nini, ya nne mgambo anasogea.

Mkutano wa pili nilikwenda na swali kwenye karatasi. Mheshimiwa alikuwa amejiandaa kunizidi. Kabla maiki haijanifikia alishusha pumzi kama mfiwa, akasema: "Ndugu zangu, makalavati tutajenga. Lakini kama vijana wetu wanakesha kwenye vigodoro, atakayepita juu ya hayo makalavati ni nani?"

Vigodoro, kwa msomaji wa Nairobi au Muscat asiyevijua, ni zile ngoma za mtaani za usiku kucha ambazo viuno ndivyo vinavyoongoza kikao. Moto ukawaka. Mzee mmoja akasema chanzo ni simu. Dada wa saluni akauliza mbona kwenye mduara, mstari wa mbele, huwa anawaona wazee haohao. Akaja wa mavazi, akaja wa malezi ya zamani, akaja mmoja aliyelaani kuiga mambo ya wazungu akiwa amevaa jezi ya Arsenal. Na mimi, naomba nikiri, niliikunja karatasi yangu nikavilaani vigodoro dakika kumi nzima, mbele ya watu ambao nusu yao waliniona Machi nikimtunza mpiga ngoma. Adhana ya magharibi ikatukuta tunagombana. Kikao kikafungwa. Mheshimiwa aliondoka akizipungia pande zote mbili, maana zote mbili alikuwa ameziunga mkono.

Mchezo huu umenizidi umri. Januari 1969 vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, walianzisha Operesheni Vijana hapahapa Dar es Salaam: vita dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kuchubua ngozi. Nchi ikabishana kuhusu mapaja. Miaka zaidi ya 50 baadaye tulikuwa bado hatujamaliza. Juni 1, 2021, Spika Job Ndugai alimtoa ukumbini mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, baada ya mbunge mwenzake kuilalamikia suruali yake. Kundi letu la ukoo la WhatsApp likapasuka, mashangazi huku, mabinti kule. Mimi niliandika ujumbe mrefu kuliko barua ya posa.

Sasa tazama kalenda. Bunge lile lilikuwa kwenye mkutano wa bajeti. Julai 15 tozo ya miamala ya simu ikaanza kukatwa, shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, na mmoja wa mashangazi haohao akanipigia kuuliza hela yake imekwenda wapi. Katika ukoo mzima, wenye diploma tukiwemo, hakuna aliyekuwa amesoma kitu cha bungeni mwezi ule zaidi ya suruali. Simtuhumu mtu kwamba alipanga iwe hivyo. Hakuna haja ya kupanga, sisi tunajipanga wenyewe. Watu walipoanza kupiga kelele kuhusu makato hasa, kwa viwango, Septemba mwaka huohuo yalipunguzwa kwa asilimia 30.

Ushauri wangu kuhusu maadili ni mmoja: usibishe. Ukibisha umeshaingia kwenye mduara. Mimi siku hizi nasema, "Mheshimiwa, nakuunga mkono, maadili yameporomoka. Na kalavati nalo limeporomoka. Naomba tuanze na lile linalohitaji saruji." Watu wakicheka, umeokoa nusu saa.

Baada ya aibu ile ya vigodoro nikawa mwanaharakati. Nilichapisha fulana 20 zenye maneno "Kalavati Kwanza", nikaanzisha kundi, wakaingia watu 87. Siku ya kwenda ofisi ya kata tulitokea wawili, mimi na kijana mmoja aliyekuja kuchukua fulana. Wengine walituma alama ya mikono iliyokunjwa ngumi. Kundi lenyewe likageuka soko la viwanja, mafuta ya nywele na "habari za asubuhi" zenye maua. Wiki ya tatu akatokea mtu kuuliza nimetumwa na nani na nafadhiliwa na nchi gani. Mfadhili wangu alikuwa mke wangu, na mwezi wa pili alisitisha misaada.

Ukitaka kuingia kwenye harakati, sahau fulana. Waangalie vijana wa Kenya wa Juni 2024. Waliusoma Muswada wa Fedha, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakawa wanabishana kwa vifungu: VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani yake. Juni 26 Rais William Ruto akatangaza hatausaini. Watu waliuawa katika hayo, kwa hiyo hapo sina utani. Nasema tu kwamba kiongozi akiulizwa kuhusu "hali ngumu ya maisha" ana hotuba tayari, na akiulizwa kuhusu asilimia 16 ya mkate inabidi aongelee mkate.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja muuza vitumbua. Hajawahi kuvaa fulana ya mtu. Mkutano wa tatu alikaa mbele na ndoo yake, mheshimiwa akafika kwenye kalavati, akasema suala hilo "tumeshaliandikia barua kwenda ngazi husika". Bibi hakunyanyua mkono, alisema tu pale alipokaa:

"Mwanangu, hiyo barua ni ya tarehe ngapi?"

"Shikamoo mama. Nikupongeze kwa—"

"Marahaba. Tarehe ngapi?"

"Mama, barua iko kwenye mchakato."

"Sijauliza iko wapi. Nimeuliza tarehe. Na huko ilikokwenda, kaipokea nani?"

Kimya. Mtendaji wa mtaa akaanza kupekua faili ambalo sote tuliliona ni tupu. Barua haikuwepo. Haikuwahi kuwepo. Mheshimiwa akatoa leso, na nilimwonea huruma kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kusimama mbele ya bibi yule nikiwa nadaiwa 3,500.

Nilipomfuata kumpongeza alinionyesha daftari lake la madeni. Akaniambia mdaiwa hana maneno mapya. "Usijali bibi, nimekukumbuka, niko mbioni, mwisho wa mwezi." Ukimuuliza utanilipa lini, atasema hivi karibuni. Kwa hiyo yeye haulizi ya mbele, anauliza ya nyuma: ulichukua siku gani, vingapi, mbele ya nani. Mtu akishayakubali hayo matatu, hela inatoka yenyewe.

Tangu hapo swali langu lolote nalipitisha kwenye daftari la bibi. Kama linaweza kujibiwa kwa "tuko mbioni", nalifuta. "Mtajenga lini" limefutwa. Badala yake: kwenye bajeti ya mwaka huu wa fedha, kalavati letu lipo au halipo, na kama lipo ni shilingi ngapi? Ukiuliza hivyo jua na majira. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mapendekezo ya halmashauri huwa yameshajadiliwa tangu mwanzoni mwa mwaka. Sisi wa bondeni huwa tunakumbuka makalavati Aprili, maji yakiwa magotini, wakati kila kitu kimeshapangwa. Uliza Oktoba, jua likiwaka. Watakuona mwehu, lakini uliza.

Jua pia unamdai nani. Diwani hajengi barabara. Tangu 2017 barabara za mitaa na wilaya ziko chini ya wakala wa TARURA, barabara kuu na za mikoa ziko kwa wakala mwingine, TANROADS. Usipolijua hilo atakurushia mpira na utaukimbilia. Ukishalijua, unachomdai yeye kinakuwa kidogo na cha wazi: barua, muhtasari wa kikao cha kata, sauti yake kwenye baraza la madiwani. Vyote vina tarehe.

Na andika. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia nafasi ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi imepewa siku 30 za kujibu. Peleka nakala mbili. Moja waachie, nyingine wagonge muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Nimeshapigiwa makofi, nimeshapewa tabasamu la mheshimiwa na picha ya pamoja naye, na katika vyote hivyo hakuna kilichowahi kunisaidia kuliko muhuri ule wa wino wa zambarau uliokaa upande.

Kuna gharama yake. Utaitwa mjuaji. Mwenyekiti ataanza kukuruka akigawa maiki. Mimi nilipoteza urafiki na jirani mmoja ambaye ni mpambe wa mheshimiwa, na mpaka leo kuku wake wakiingia uwanjani kwangu hatuongei, tunatazamana tu.

Barua ya kalavati hatimaye iliandikwa. Ina tarehe ya siku moja baada ya mkutano wa bibi, na nakala ninayo. Mwezi uliopita walikuja watu wawili na futi kamba, wakapima, wakaweka alama ya rangi nyekundu kwenye jiwe. Vijana wa kuvusha watu wakapandisha nauli siku ileile, wanasema wanakusanya mtaji kabla biashara haijafa.

Mkutano mwingine ni Jumamosi. Tangazo limebandikwa jana kwenye mlango wa ofisi ya mtaa: ajenda ya kwanza, mavazi ya mabinti; ajenda ya pili, mengineyo. Nilimpelekea bibi picha ya tangazo hilo kwenye simu. Aliisogeza karibu na jicho, akaisoma taratibu, akaniagiza nimletee daftari la kurasa 96.