Kuhusu lile swali lako la sheria

Mwanangu,

Umeniuliza kama umechelewa kuwa wakili, ukiwa na miaka 43, baada ya ufundi umeme, usukani wa matatu na sasa hii kazi ya madai ya bima. Sheria haijaweka umri wa mwisho. Shahada ni miaka 4, na hapa Nairobi yapo masomo ya jioni. Kisha Shule ya Sheria pale Karen na mitihani yake, pamoja na miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili aliyekaa kazini si chini ya miaka 5. Miezi hiyo usiihesabie mshahara. Halafu unapeleka ombi kwa Jaji Mkuu, unaapishwa, jina linaingia kwenye daftari la mawakili, na kila mwaka unalipia cheti cha kazi. Usipokwama popote, utakuwa unakaribia 50.

Cheti chako cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, ninacho. Nilikitoa jana usiku: C+, na Kiswahili B. Kitunze, maana Karen wamekuwa hawatazami shahada peke yake. Wamekuwa wakidai C+ kwa jumla na B ya Kiingereza au Kiswahili. Wapo waliopanda kwa diploma hadi digrii wakakwamia mlangoni, na mabishano yao yamefika mahakamani.

Lakini mimi umri haunisumbui. Nauliza kama una subira ya karatasi. Nimekuambia tangu ukivaa kaptura ya shule: kesi hufia kwenye karatasi kabla hakimu hajaiona.

Mirathi ya babu yako unaikumbuka. Barua ya chifu ilipatikana, ndugu wote wakatia saini ya kukubali, tangazo likatoka kwenye gazeti la serikali, siku 30 zikapita bila pingamizi. Tukangoja ile miezi 6, mirathi ikathibitishwa. Tulipofika ofisi ya ardhi, faili ikarudishwa dirishani. Mle ofisini mwa wakili hakuna aliyejua kwa nini. Shangazi yako, aliyeishia darasa la nne, akafungua kopo la Blue Band, akatoa karatasi ya sachi, yaani ya upekuzi wa rekodi za ardhi, akaiweka kando ya cheti cha mahakama na kupitisha ukucha chini ya namba ya shamba. Tatu, moja, nane. Kwenye cheti: tatu, nane, moja. Kosa lilianzia kwenye orodha ya mali, ukurasa wa kwanza kabisa, na wakili alikuwa ametia saini juu yake. Ikabidi turudi mahakamani kuomba kusahihishiwa, kwa kiapo kipya na ada mpya. Mpaka leo nikiona ule ukucha machoni, nafurahi na kuumia kwa pamoja.

Sasa wewe unasoma kutwa fomu za P3, zile za polisi ambazo daktari hujaza majeraha. Tarehe ya ajali isipolingana na ya hospitali, unaiona. Unajua aliyeumia ana miaka 3 ya kushtaki, si 6 kama ya mkataba wala 12 kama ya ardhi. Kijana wa miaka 22 atayakariri hayo. Wewe umewaona waliorudishwa nyumbani kwa kuchelewa.

Hapo nimekusifu, na sikutaka. Kwa sababu nakumbuka pia ule mkopo wa sacco uliotia saini bila kufungua ukurasa wa pili. Ni zamani, ndiyo, na ulikuwa na haraka ya kununua tairi. Lakini wateja nao watakuja na haraka zao, na kesi hufia kwenye karatasi.

Ndiyo au la, jibu ninalo moyoni, na nalizuia kwa shida. Zungumza kwanza na mke wako, maana jioni hizo za miaka 4 ni zake pia. Bahasha ya cheti iko juu ya kabati. Jumapili nitakupa pamoja nayo hati mbili za mirathi, ile yenye kosa na ile iliyosahihishwa. Zisome zote kabla hujalipia fomu yoyote.

Mama yako