Barua kwa Tusekile: kuhusu Joker, na siku ya kuacha

Tukuyu

Tusekile mwanangu,

Ugonile. Huku tu wazima. Mama yako goti linamsumbua baridi ikizidi, lakini shambani anakwenda, na chai inachumwa kila siku.

Swali lako nimelisoma na kulirudia. Unasema wewe na wenzako kazini mnapanga orodha ya waovu wa katuni na gemu, wale wasiookoleka kabisa. Mmeweka masharti matatu: ubaya wake uwe umepita kiasi hata kwa hadithi yake mwenyewe, awe anajua anachofanya, na asiwe na mtu anayempenda kwa dhati wala jambo la kumwombea huruma. Mkakwama kwa Joker, yule adui mkubwa wa Batman. Nusu yenu wanataka aingie, nusu wanasema ni mgonjwa wa akili, kwa hiyo sharti la pili linamtoa. Na kwa kuwa baba yako alikaa mzee wa baraza kwenye mahakama ya mwanzo, unataka niamue.

Msimamo wangu unaujua, umeusikia mezani tangu hujaota meno ya pili. Mtu hupimwa siku aliyopewa nafasi ya kuacha. Ubaya wa kitendo unahesabika, siukatai, lakini ubaya wa kitendo unaonyesha kilichotokea tu. Siku aliyopewa nafasi ya kuacha ndiyo inayomwonyesha yeye. Kwa hiyo badala ya kuniuliza Joker ni mbaya kiasi gani, ungeniuliza kama aliwahi kupewa siku hiyo. Hilo ndilo nitakalojibu, maana ndilo linaloninyima raha tangu nianze kusoma vile ulivyonipakulia kwenye tableti.

Frieza, yule katili wa katuni ya Dragon Ball, nitamaliza naye haraka. Pale kwenye sayari ya Namek, ardhi inapasuka chini ya miguu yao, ameshakatika vipande viwili kwa shambulio lake mwenyewe, anaomba. Goku, shujaa wa hadithi ile, anamgawia nguvu zake kidogo ili aondoke na uhai wake. Nguvu zile zile anazigeuza na kumshambulia mgongoni aliyempa. Hapo sihitaji masharti yenu matatu. Mwandikeni.

Joker ni jambo jingine. Alitoka mara ya kwanza mwaka 1940, katika toleo la kwanza kabisa la jarida la vibonzo la Batman, na waliomtunga walikusudia afe humo humo: anajichoma kwa kisu chake mwenyewe katika vurumai. Mhariri, Whitney Ellsworth, akaona adui wa namna ile hapotezwi hivi hivi, akaagiza kiongezwe kipicha kimoja kuonyesha kwamba bado anapumua. Tangu siku hiyo mtu huyu anaua, anakamatwa, anatoroka, anaua tena. Angewezaje kuacha? Akiacha, toleo la mwezi unaofuata litajazwa na nini? Nyinyi mlizoea kusema steringi hafi. Mimi naona adui naye haruhusiwi kutubu, na hakuna anayemhurumia kwa hilo.

Ndiyo maana nikamkumbuka kaka yako.

Ulikuwa darasa la pili, ulikaa mstari wa mbele na kina Atupele, kwa hiyo uliona, ila sijui kama ulielewa. Mahafali ya darasa la saba, mwaka wa Gwamaka. Mwalimu alikuwa ametunga mchezo wa kuigiza kuhusu mwizi wa ng'ombe aliyetia sumu kwenye chemchemi ya kijiji, na mwizi mwenyewe jina lake Sumu. Hakuna mtoto aliyelitaka jina lile. Gwamaka akalichukua, akaigiza vizuri mno. Alivuta mguu, akacheka kile kicheko cha puani, akamnyang'anya mtoto wa mwenyekiti kibuyu cha maziwa akayamwaga, na kina mama walioketi kwenye nyasi wakaguna kwa hasira ya kweli. Nilikuwa nimejaa fahari kiasi kwamba sikuweza kukaa.

Mwisho wa mchezo Sumu analetwa amefungwa kamba mbele ya wazee. Kwa maandishi ya mwalimu alitakiwa aseme, "Sijutii hata kidogo," kisha afukuzwe kijijini, watoto waimbe. Gwamaka akapiga magoti. Akakaa kimya kwa muda mrefu, hata mtu akadhani amesahau. Kisha akasema kwa sauti yake mwenyewe, siyo ile ya Sumu, "Wazee wangu, nisameheni. Ng'ombe nitawarudisha."

Hayakuwemo, mwanangu! Hakuna aliyemfundisha. Nilipomuuliza usiku ule kwa nini, alinijibu kwamba mguu ulikuwa unamuuma kwa kuuvuta, na alipopiga magoti akamwonea huruma Sumu. Mpaka leo sijasikia hoja ya kisheria iliyonigusa kama ile.

Lakini pale uwanjani, kijana aliyeigiza mzee wa kijiji hakujua ajibu nini. Alimtazama mwalimu. Na kabla mwalimu hajasema neno, mama mmoja nyuma yetu akapaza sauti: "Mwongo huyo! Msimfungue!" Watu wakacheka, wakapiga makofi, wengine wakaitikia, "Msimfungue! Msimfungue!" Mwalimu akaashiria kwa mkono, wakamburuta kaka yako nje, watoto wakaimba wimbo wa kumfukuza huku yeye bado anajaribu kusema kuhusu ng'ombe.

Jina likamganda. Alipofika kisimani walimwambia kwa kicheko akae mbali na ndoo zao, na baada ya muda wakawa wanamwambia bila kicheko. Halafu ikapotea baiskeli ya katekista, unaikumbuka habari ile, wakaja kwetu kabla ya kwenda kwingine kokote. Watu wazima watatu, wamesimama mlangoni, wanamtaka "Sumu" atoke aeleze. Baiskeli ilikutwa Kiwira kwa fundi, imepelekwa na mwenyewe akasahau. Hakuna aliyerudi kusema lolote. Gwamaka sasa ana familia na anaendesha lori, na bado wapo wanaomsalimia stendi kwa jina hilo. Yeye huitikia. Mimi nikiwepo siitikii salamu zao.

Sasa rudi kwa Joker, mwaka 1988. Ile habari ya kura niliisoma nikasimama nikatoka nje. Joker amempiga Robin wa pili, kijana Jason Todd, msaidizi wa Batman, kwa mtaimbo, amemwacha ndani ya jengo lenye bomu. Wachapishaji wakaandaa miisho miwili, wakatangaza namba mbili za simu: moja apone, nyingine afe. Saa 36, kila simu nusu dola. Simu za kutaka apone zilikuwa 5,271. Za kutaka afe 5,343. Tofauti ya kura 72, kijana akazikwa.

Kila aliyepiga simu ya kutaka afe alikuwa na nafasi ya kuacha. Angeweka simu chini. Joker hakuwa nayo, mkono wake ulisubiri waamue wao. Niliposoma hesabu ile nilisikia tena "Msimfungue," na nikawa tayari kukuandikia kwamba mmtoe Joker kwenye orodha, mwandike wasomaji.

Lakini hapana, ngoja. Nikienda njia hiyo nimewafungulia wote, maana wote wametungwa, na Frieza nimeshamhukumu. Frieza naye alichorwa na mtu, Akira Toriyama, wala hakujichagulia kumshambulia Goku mgongoni. Kwa nini yeye nimfunge bila kusita?

Nimekaa na jambo hili siku nyingi, na hapa ndipo nilipofika. Ndani ya hadithi ile ile ya Toriyama yupo Vegeta. Alikuja duniani kuua, na Krillin, rafiki wa Goku, alipokuwa tayari kumkata kwa upanga, Goku aliyelala amevunjika mifupa akamwomba amwache aende. Vegeta hakubadilika siku ile wala mwaka ule. Namek alichinja kijiji kizima. Lakini nafasi ile haikufa. Alikuja kuishi duniani, akapata mke na mtoto, na siku ya kupigana na adui mwingine, Majin Buu, alimkumbatia mwanawe Trunks, kisha akajilipua ili wengine wapone. Kwa hiyo katika ulimwengu ule kuacha kunawezekana, mtu amekufanya mbele ya macho yetu. Frieza alikataa kitu ambacho mwingine alikipokea. Ndipo hatia inapokuwa yake, hata kama kalamu ni ya mwingine.

Magneto, adui wa mashujaa wa X-Men, pia mtoeni, wala msibishane. Alianza mwaka 1963 akiwa adui wa kawaida, lakini mwaka 1981 mwandishi Chris Claremont alituonyesha mtu aliyepitia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akiwa mtoto. Na katika toleo lile lile anampiga Kitty, msichana wa X-Men wa miaka 13, anadhani amemuua, na anasimama. Vita anaiweza, hakuna anayemzuia, na anasimama kwa sababu ya mtoto aliyelala mbele yake. Aliwahi kurudia ubaya baadaye, najua utaniambia. Hata mahakamani tuliwaona waliorudia. Siku aliyopewa nafasi ya kuacha, aliiona.

Sasa ukinibana: je, Gotham, mji wa Batman na Joker, kuna aliyewahi kuacha? Yupo. Harley Quinn, aliyekuwa daktari wa Joker kabla hajawa mwenzake wa uhalifu. Alitolewa mwaka 1992 kwenye katuni ya televisheni, na katika hadithi za baadaye alimwacha Joker, akajitafutia njia yake. Kwa hiyo utetezi wa kwamba "mlango ule haupo" unamvunjikia Joker mikononi. Na zaidi ya hapo kuna kile kitabu cha Alan Moore na Brian Bolland, The Killing Joke, cha mwaka 1988 huo huo. Joker amempiga risasi Barbara Gordon, amemtesa baba yake, kamishna wa polisi Gordon, kwa picha za bintiye, ili athibitishe kwamba siku moja mbaya inatosha kumtia mtu yeyote wazimu. Ameshindwa, Gordon hakupata wazimu. Na Batman, mvua inanyesha, hampigi. Anamwambia anaweza kumsaidia, kwamba si lazima waishie kuuana.

Hiyo ndiyo siku yenyewe, Tusekile. Alipewa. Kwa msimamo wangu mwenyewe kesi imeisha, na mkono unaniwasha kuandika aingie.

Lakini angalia anavyojibu. Hacheki. Hamtemei mate. Hana kisu mgongoni kama Frieza. Anasema hapana, samahani, amechelewa mno. Mzee wa baraza akisikia mshtakiwa amesema hivyo, haandiki "amekataa". Tulikuwa tunamgeukia hakimu tukamwomba amuulize tena, kwa sababu mtu anayesema amechelewa ameshakubali kwamba kulikuwa na njia, na hilo Frieza hakulikubali hata mara moja. Tena kwa masharti yenu, hapo pande zote mbili zinaanguka. Aliyesema maneno yale anajua anachofanya, kwa hiyo wanaomtetea kwa ugonjwa wamekosa hoja. Na anajua pia alichopoteza, kwa hiyo wanaotaka aingie wamekosa sharti la tatu.

Basi nakuandikia nikiwa sijaamua, na silipendi hilo. Mama yako amesikiliza yote haya, anasema aingie, Barbara, binti wa watu, alimkosea nini. Sikuwa na jibu la kumpa kuhusu yule binti, maana kwake hakuna utetezi wowote unaofika.

Ninachokuomba ni kimoja: msipige kura. Someni wote pamoja kurasa za mwisho za kitabu kile, kwa sauti, mmoja awe Batman na mwingine awe Joker, kisha uniandikie sauti ya "nimechelewa" imetokaje. Kama imetoka kwa dhihaka, mwingizeni, nami nitatia sahihi. Gwamaka anapita huko kwenu wiki ijayo akitoka Tunduma na mzigo wa Dar es Salaam. Nimempa mkungu wako wa ndizi na parachichi, na nimemwambia ashiriki kusoma akifika. Mpeni sehemu ya Joker.

Baba yako