Usiondoke kwa Mteja Bila Siku

Nauza viungo kwa mahoteli ya kaskazini na mashariki mwa Unguja: mdalasini, iliki, pilipili manga, manjano, mchaichai. Karafuu sizigusi, hizo mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Katika kazi hii nawaona wauzaji hodari, bidhaa zao safi na maneno yao matamu, wanatoka kwa meneja wakitabasamu na mkononi hawana kitu. Wameambiwa "Inshallah tutawasiliana", wameitikia, wamepanda gari kurudi mjini. Mwezi unapita, simu hailii.

Watu wa visiwani tunaona haya kumwambia mtu hapana usoni. Kaja na jua lote hili, kakaribishwa maji baridi, utamkatalia vipi? Basi anaagwa kwa upole. Shida ni kwamba anayetaka kununua kweli naye anaaga vivyo hivyo. Kuwatofautisha hawa wawili ni kazi yako wewe muuzaji, na inafanyika kabla hujainuka kitini.

Kiwengwa kuna mama mmoja anayeshughulikia manunuzi ya hoteli. Alikivunja kijiti cha mdalasini kwa kucha, akanusa, akasema: "Mwanangu, mzuri huu. Inshallah tutawasiliana." Nikamjibu: "Inshallah, mama. Basi Jumanne asubuhi nimletee mpishi nusu kilo aujaribu. Nikifika getini nimuulize nani?" Akanyamaza kidogo, kisha akapiga simu jikoni palepale. Mpishi akasema Jumanne ana wageni wengi, bora Alkhamisi. Kikao kikaisha hapo, na kiliisha vizuri: siku ipo, mtu yupo, kitu cha kupeleka kipo. Angekuwa hataki, angeikwepa ile siku, nami ningejua mapema nisihangaike.

Swali jingine nisiloacha kuuliza ni hili: "Ukishakubali wewe, karatasi inakwenda kwa nani?" Kwenye hoteli kubwa mpishi ndiye anayependa, mnunuzi ndiye anayeagiza, mhasibu ndiye anayelipa, na pengine meneja ndiye anayetia saini. Ukimridhisha mmoja ukaondoka, umemwachia yeye kazi ya kukuuzia kwa wenzake, na yeye hajui kuieleza bidhaa yako kama unavyoijua wewe. Omba akutambulishe kwa anayefuata, hata kwa salamu tu.

Angalia na saa. Ukipewa miadi karibu na adhuhuri, hasa Ijumaa, anza kufunga mazungumzo mapema. Adhana ikikukuta bado unasifia iliki, kila mtu atainuka na mliyoyazungumza yatabaki hewani.

Halafu kuna punguzo la mlangoni. Mmeshaagana, umeshashika kitasa, mteja anasema: "Lakini bei utatushushia kidogo, au siyo?" Wengi hujibu "hakuna shida" ili watoke kwa furaha. Mimi nasema usijibu bei umesimama. Mwambie: "Inategemea mzigo, bosi. Mkichukua kilo ngapi kwa mwezi?" Akitaja kilo, rudi ukae, maana biashara yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Asipotaja, mwambie utamwandikia hesabu jioni, umuage kwa heshima.

Na kweli uandike jioni hiyohiyo, ikiwezekana ukiwa bado ndani ya gari. Ujumbe mfupi wa WhatsApp unatosha: tumekubaliana hiki, nitaleta hiki, siku fulani, kwa fulani, malipo baada ya siku kadhaa. Wafanyakazi wa mahoteli huhamishwa na wengine huacha kazi, hasa masika, Machi hadi Mei, ambapo hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga kabisa. Atakayekuja baada yake hatakujua, lakini ule ujumbe utamwonyesha.

Ukiambiwa hapana waziwazi, shukuru kwa dhati, maana umeokolewa nauli. Uliza jambo moja tu: hapana ni ya bidhaa, ya bei, au ya msimu? Kama ni msimu, omba urudi mwezi wa tano mwishoni, wakati wanajaza stoo kusubiri wageni wa Juni, na uiandike tarehe hiyo mbele yake.