Kwa Walimu Wapya wa Fasihi ya Kiarabu

Wadogo zangu, wiki iliyopita niliketi nyuma ya darasa la mmoja wenu hapa Mtwara, nikamwona akijaza ubao kwa i'rabu (uchambuzi wa kisarufi wa kila neno) ya ubeti mmoja saa nzima bila kuusoma ubeti wenyewe kwa sauti hata mara moja. Niliumia, kwa sababu nami nilianza hivyo hivyo.

1. Someni kwanza, ndipo mfafanue. Wanafunzi wetu wengi wamekulia kwenye maulidi ya Barzanji, kwa hiyo sajaa, yaani nathari yenye vina, wameizoea masikioni kabla hawajalijua jina lake.

2. Lisikilizeni swali lisilokuwamo katika muhtasari wa kozi. Muhula wangu wa kwanza nilifundisha Muallaka ya Imru' al-Qays, shairi refu mashuhuri la Kiarabu la kabla ya Uislamu, linalofunguliwa kwa neno qifā, yaani simameni, nyinyi wawili. Kijana mmoja kutoka Kilwa akanyoosha mkono: "Mwalimu, hao wawili wanaoambiwa wasimame ni nani?" Nilimjibu kwamba alifu ile ya mwisho wa neno ni ya uwili, yaani huonyesha wawili, nikageukia ubao. Kumbe aliuliza jambo walilolijadili wafafanuzi wa kale, ambao baadhi yao walisema ni wasafiri wenzake wawili na wengine wakasema ni mtu mmoja anayesemeshwa kwa uwili. Kwenye mtihani alichambua kila neno bila kosa, lakini pale nilipouliza mshairi analilia nini, aliacha nafasi tupu. Nilipomwita ofisini alisema kwa adabu, macho yakiwa chini, "Nilidhani shairi haliulizwi hivyo, mwalimu." Mtoto huyu alikulia Kilwa Masoko, ng'ambo ya kisiwa chenye magofu ya Msikiti Mkuu, nami nilimfundisha shairi la mtu anayelia penye makazi yaliyohamwa bila kumuuliza yeye ameona nini maishani mwake. Hakuniuliza swali jingine hadi alipohitimu, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

3. Msijifunge na mpangilio wa zama, kwani msamiati wa Jahiliya, zama za kabla ya Uislamu, ndio mgumu kuliko wote. Anzeni na hadithi fupi za karne ya 20, kisha mrudi nyuma.

4. Tarjuma ifanyeni kwa Kiswahili. Nilihangaika miaka mingi kufafanua atlāl, yale mabaki ya makazi yaliyohamwa anayoyalilia mshairi, kwa Kiingereza, ilhali bibi zetu wana neno lake kamili: mahame. Siku hizi, kabla sijafungua kitabu, nauliza darasani nani amewahi kupita kwenye mahame na alisikia nini moyoni, na mikono ya kwanza kunyooshwa aghalabu ni ya watoto wa Kilwa na Mikindani.