Maswali na majibu: peleti, unga na maji ya jibini kwa kuku wa nyama

Mchanganyiko wa chakula ukiwa uleule, kuku atakua haraka kwa unga au kwa peleti (chakula kilichoshindiliwa kuwa punje)?

Kwa peleti. Anakula zaidi kwa muda mfupi, hachambui mahindi akaacha madini chini, kisha analala. Kifaranga lakini apewe chenga, yaani peleti zilizovunjwavunjwa, siku 10 za mwanzo, halafu peleti za milimita 3, ukichanganya kidogo kidogo kwa siku 3. Kabla ya kununua, chekecha kilo moja. Vumbi likizidi robo kilo, hapo unauziwa unga kwa bei ya peleti.

Nikisaga mwenyewe je?

Usisage laini kama unga wa ugali. Huganda mdomoni, kuku akienda kunywa unabaki kwenye maji na kuyachachusha. Vipande vya mahindi vionekane kwa macho. Firigisi nayo ipate kazi.

Niko Njombe, natengeneza jibini. Maji yanayobaki niwape badala ya maji ya kunywa?

Badala ya maji, hapana. Lita moja ina gramu 60 hivi za vitu vikavu, na nyingi ni sukari ya maziwa, ambayo kuku hana kimeng'enya cha kuivunja. Ikiwa kidogo ni faida: bakteria wa utumbo kipofu (mifuko miwili mwishoni mwa utumbo) huichachusha, na asidi yake huwabana salmonela, bakteria wa ugonjwa. Ikizidi huvuta maji tumboni, kuku wanaharisha, maranda yanalowa, nyayo zinababuka.

Piga hesabu. Kuku anayekula gramu 100 za chakula kwa siku hunywa mililita 200 hivi za maji. Akinywa maji ya jibini matupu, amemeza gramu 12 za vitu vikavu. Zikivuka 3 unatafuta matatizo. Basi changanya lita 1 kwa lita 3 za maji safi, wape asubuhi kwenye vyombo vya plastiki (bati huliwa na asidi), na baada ya muda wa saa 4 mwaga, osha. Usiyapitishe kwenye mabomba ya chuchu (yale kuku anayodonoa maji yadondoke), yataziba. Yaliyotoka baada ya jibini kutiwa chumvi, mwaga yote.

Kuku wa wiki ya 5 wanakufa, tumbo limejaa maji. Peleti zina sumu?

Hazina. Mwili umekua haraka kuliko moyo na mapafu yanavyoweza kuuhudumia, na nyanda za juu kama Njombe hewa ni nyepesi. Baridi ya usiku na banda lililozibwa pande zote huzidisha. Kundi lijalo wape unga badala ya chenga na peleti kuanzia siku ya 8 hadi ya 14 ili wasikue haraka mno, zima taa kwa muda wa saa 6 kila usiku, na acha uwazi juu ya ukuta hewa ipite. Kama walionyweshwa maji ya jibini yenye chumvi ndio hao hao, yaondoe leo: chumvi nyingi huleta maji hayohayo tumboni.