Kutibu ndovu: anza na miguu

Mdogo wangu wa Likoni, umeuliza kama udaktari wa mifugo utakufikisha kwa ndovu wanaolelewa na watu. Utakufikisha, lakini usingoje digrii ya Kabete, kwenye kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, ndipo uanze. Mfuate daktari wa ng'ombe wa maziwa hapo mtaani, ujizoeze kwato: kushika, kuchonga, kuitambua harufu ya usaha. Ndovu wa kufugwa wengi huponzwa na miguu. Akisimama kutwa kwenye saruji, kucha hupasuka na uchafu hupenya hadi mfupani. Hufunzwa kuinua mguu mwenyewe, asuguliwe kwa tupa.

Na ndama wa ndovu walio yatima? Mafuta ya maziwa ya ng'ombe huwaharisha. Daphne Sheldrick, aliyelea ndovu yatima hapa Kenya, alihangaika miaka mingi, jawabu likawa mafuta ya nazi. Nazi hii hii yetu!