Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Panettone Yetu Huwa Kavu?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi na familia yangu Bergamo, kaskazini mwa Italia. Kila Desemba mume wangu hupewa kazini kikapu cha sikukuu ambacho hakikosi panettone, ule mkate mtamu wa Krismasi wenye zabibu kavu. Sisi huiweka kwenye friji na kuila asubuhi kwa chai, lakini watoto hulalamika kwamba ni kavu na haina ladha, ilhali kwa majirani zetu Waitalia tunaikuta laini, inanukia. Tunakosea wapi? Pia tungependa kuwakaribisha rafiki zetu Waislamu. Je, kuna jambo la kuangalia kwanza? (Msomaji, Bergamo)

JIBU: Dada yetu, kosa liko kwenye friji. Panettone, ambayo asili yake ni Milano, jirani kabisa na mnakoishi, ni mkate wenye mafuta mengi kuliko unavyoonekana. Agizo la serikali ya Italia la tarehe 22 Julai 2005 linataka mkate unaouzwa kwa jina hilo nchini humo uwe na mafuta ya siagi yasiyopungua asilimia 16 na viini vya mayai visivyopungua asilimia 4, uwe na zabibu kavu na maganda ya matunda jamii ya machungwa yaliyopikwa katika sukari kwa kiasi kisichopungua asilimia 20, tena uumuliwe kwa chachu ya asili, yaani kinyunga kilichoachwa kichachuke. Siagi nyingi namna hiyo ikipata baridi huganda, na mkate hukakamaa mdomoni huku harufu ya vanila na ya maganda ikijificha. Isitoshe, wanga wa mkate uliokwisha kuokwa hukakamaa upesi zaidi katika ubaridi wa friji kuliko ukiwa kabatini.

Kwa hiyo iacheni ndani ya mfuko wake, mahali pakavu pasipo na jua, na siku ya kuila itoeni saa kadhaa mapema muiweke katika chumba chenye joto. Waitalia wengi huisogeza karibu na kifaa cha kupashia nyumba joto, bila kuifungua, mpaka siagi ilegee. Mfuko unapofunguliwa, harufu hutangulia kabla ya kisu. Anayeharakishwa anaweza kuipasha kidogo katika oveni yenye moto mdogo, lakini maikrowevu siishauri, kwa sababu vipande huwa laini kwa dakika chache tu, kisha hugeuka vigumu kuliko mwanzo.

Namna ya kukata nayo ina uzito wake. Tumieni kisu chenye meno, muukate mkate kutoka juu hadi chini ili kila mtu apate kipande chenye ncha katikati na ganda la nje, wala msiukandamize. Ndani ya panettone nzuri mkate huchanika kwa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo ni dhaifu kiasi kwamba waokaji, mara tu inapotoka jikoni, huichoma vijiti upande wa chini na kuining'iniza kichwa chini kwa saa nyingi hadi ipoe, isije ikabonyea kwa uzito wake yenyewe. Kateni kinachotosha wakati huo, kisha mfunge mfuko barabara.

Kuhusu kinywaji, Waitalia hupenda kuisindikiza kwa mvinyo mtamu kama Moscato d'Asti, na wengine huongeza krimu ya jibini la mascarpone. Kahawa au chai ya maziwa inafaa kabisa, ila chai iliyojaa tangawizi na iliki ningeiacha kwa siku ya maandazi, maana huzima harufu ya maganda, ambayo kwangu ndiyo thamani yote ya mkate huu.

Kwa ajili ya wageni wenu Waislamu, someni orodha ya viambato. Baadhi ya viwanda hunyunyizia mkate alkoholi ili usiote ukungu, nayo huandikwa "alcol etilico". Wapo pia wanaoloweka zabibu katika ramu au mvinyo wa Marsala. Kiambato cha E471, ambacho husaidia mkate ubaki laini, kinaweza kutokana na mimea au na wanyama, na pasipoelezwa ni vyema kumwuliza mtengenezaji. Watoto wasiopenda maganda watafurahia pandoro ya Verona, mkate mwingine mtamu wa Krismasi, ambayo mwokaji Domenico Melegatti aliisajilia hataza mwaka 1894. Haina matunda, na hunyunyiziwa sukari laini ya unga. Hata hiyo isomeni lebo.

Kipande kikibaki, kikaangeni kidogo kwa siagi. Wamilano wenyewe huweka akiba ya panettone ya Krismasi hadi tarehe 3 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Biagio, na kuila asubuhi kwa imani kwamba hukinga koo. Ukavu wa siku hiyo hauna mlalamikaji.

SWALI: Hapa Malindi, tulipo na Waitalia wengi, nimeona panettone dukani. Je, naweza kuioka mwenyewe kwa hamira ya kawaida, na itahimili joto letu? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Kwa hamira ya dukani utapata mkate mtamu wa zabibu ulio mzuri, lakini hautachanika kwa nyuzi. Panettone hutaka unga wenye nguvu ya pekee, chachu ya asili iliyolishwa unga na maji mara kwa mara na kinyunga kinachokandwa kwa awamu mbili na kuachwa kiumuke saa nyingi. Kwa anayeanza, naona ni afadhali kununua.

Joto la pwani limekupunguzia kazi ya kuipasha, ila unyevunyevu wake huleta ukungu upesi. Ukishaifungua, kula ndani ya siku mbili tatu. Kinachobaki kikate vipande, kifunge kimoja kimoja bila kuacha hewa na ukiweke kwenye friza, si kwenye friji, kwa kuwa katika ubaridi wa kugandisha wanga karibu hauendelei kukakamaa. Kiache kiyeyuke kikiwa bado kimefungwa. Kabla ya kulipa, angalia tarehe: za viwandani hukaa miezi kadhaa, bali zile za waokaji wadogo, zisizo na vihifadhi, muda wake ni mwezi mmoja au zaidi kidogo, na sehemu ya muda huo huwa imekwisha safarini.